Kutunza Hesabu: Siku Nane za Mafunzo Mida, Arabuko-Sokoke na Rabai

Jumatatu, siku ya kwanza

Tuliondoka chuoni saa kumi na moja alfajiri, baada ya sala fupi tuliyoifanya uwanjani kando ya basi, wanafunzi ishirini na wawili wa mwaka wa tatu wa sayansi ya mazingira pamoja na walimu wawili, mmoja wa ikolojia na mwingine wa theolojia. Chuo chetu ni cha Kikristo na kiko pembezoni mwa Nairobi. Kila anayesomea fani hii hapa husoma theolojia ya uumbaji sambamba na takwimu, kemia ya udongo na tathmini ya athari kwa mazingira, na jamaa zangu wameniuliza mara nyingi mambo hayo yanakutania wapi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwajibu kwa Mwanzo 2:15, mahali panaposema kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, nami nimeona jibu hilo linatosha. Kabla hatujapanda basi, mwalimu wa ikolojia alimpa kila mmoja wetu daftari la jalada gumu na kutukumbusha kwamba katika Kiswahili hata hesabu hutunzwa. Nililipokea neno hilo kama utani wa asubuhi, kumbe halikuwa utani.

Treni ya SGR iling'oa nanga saa mbili kamili. Baada ya Mtito Andei, reli inapopita katikati ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Magharibi, tuliona kwa macho yetu vile vivuko vya wanyama chini ya tuta ambavyo tulikuwa tumevisoma katika ripoti za tathmini, na ndovu waliosimama mbali wakiwa wekundu kwa vumbi la nchi ile. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Voi alitueleza jinsi bibi yake anavyolala shambani na debe tupu la kupiga msimu wa mahindi, na nikatambua kwamba ripoti niliyoisoma mara mbili haikuwa na hata sentensi moja juu ya huyo bibi.

Tulishuka Miritini mchana, tukavuka Mombasa, Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo na daraja la Kilifi, na tukafika Watamu jua likizama.

Jumanne, siku ya pili

Tumefikia Mwamba, kituo cha mafunzo cha A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la uhifadhi. A Rocha ilianzia Ureno mwaka 1983 na jina lake kwa Kireno ndilo hilohilo mwamba. Asubuhi tulipewa maelezo ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, na ya namna matumbawe yalivyopauka na kufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida. Mchana tuliokota takataka ufukweni na kuzipanga kwa aina: vizibo, kandambili, nyavu na vipande vya plastiki visivyotambulika tena vilikuwa nini. Mifuko ya plastiki ilikuwa michache, kwa kuwa Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, na ni jambo la kutia moyo kuona sheria ikionekana kwenye mchanga.

Jumatano, siku ya tatu

Leo ndiyo siku iliyonishughulisha zaidi, nami naandika haya usiku nikiwa nimechoka na moyo wangu haujatulia.

Mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvua, na maji ya pwani hii wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Tulipaswa kuingia Mida, hori ya bahari yenye msitu wa mikoko, maji yanapokupwa asubuhi na kutoka kabla hayajaanza kujaa. Aliyetuongoza ni mzee mmoja mvuvi wa Dabaso, ambaye ujanani alikata miti ya mikoko kwa kuuza, na ambaye sasa hupanda miche. Tulikuwa tumekariri majina ya kisayansi chuoni, naye akatufundisha kwa saa moja yale tuliyoyakosa: mkoko wenyewe wenye mizizi ya kuning'inia, mchu unaostahimili chumvi kuliko yote, mkandaa mwembamba mgumu, muia, mlilana unaopenda kukaa mbele kabisa panapopigwa na maji, na mkomafi wenye tunda kubwa kama kichwa cha mtoto. Alichuma jani la mchu, akaligeuza na kuniambia, "Lamba, mwanangu." Upande wa chini ulikuwa na punje ndogo za chumvi zinazometa, mti ukiwa umeitoa jasho chumvi ambayo haukuitaka. Nimewahi kuandika insha ya kurasa nne juu ya tezi za chumvi za mti huo, lakini ladha yake nimeijua leo.

Kisha akatutajia majina mengine ambayo hayamo kabisa katika vitabu vyetu vya ikolojia, majina ya mti uliokwisha kukatwa: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kila moja kwa unene wake. Boriti za pwani hii zilijaza majahazi yaliyokuwa yakirudi Omani na Ghuba kwa upepo wa kusi, na dari za nyumba nyingi za kale za huko zimebebwa na miti iliyoota kwenye matope kama haya, hadi Kenya ilipozuia usafirishaji huo mwaka 1982. Mzee anautazama mti uliosimama na papo hapo anajua ni mazio au ni boriti. Hakosei, na hatumii utepe.

Kazi yetu ilikuwa kupima viwanja vya mita 10 kwa 10. Mti wa kawaida hupimwa unene katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko husimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepanda magongo, kwa hiyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kutoka mti mmoja hadi mwingine unazama hadi gotini, na ukijishika kwenye mzizi uliojaa chaza unakatwa kiganja. Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne, nami nilikuwa mwandishi. Tulipofika kiwanja cha saba maji yalikuwa yameanza kuingia kwa sauti ndogo kama ya nguo inayoburutwa, na ilipobaki karibu nusu ya miti mwenzetu mmoja alisema kwamba inafanana tu na ile ya kiwanja cha sita, tuikadirie twende. Hakuna aliyebisha. Aliyeandika ni mimi. Niliandika namba tisa za miti ambayo sikuigusa.

Jioni, baada ya chakula, mwalimu wa ikolojia alipitia madaftari. Alipofika kwetu aliuliza ni nani aliyepima mti wa kumi na nne wa kiwanja cha saba. Tulinyamaza. Akatuonyesha kwa kidole kwamba vipimo vyote vya awali vilikuwa na desimali zake, 8.3, 11.7, 6.9, na kwamba kuanzia mti wa kumi namba zote zilikuwa zimemalizikia kwenye sifuri au tano. Hakupandisha sauti. Nilimwambia kwamba niliziandika mimi, nikamwomba radhi. Akasema kesho kikundi chetu kitarudi kwenye kiwanja hicho wakati wenzetu wakienda kuangalia ndege.

Alhamisi, siku ya nne

Mwalimu wa theolojia alijitolea kutusindikiza. Nilitarajia atatuhubiria njiani, lakini alikunja suruali, akachukua ncha moja ya utepe na kuuliza aanzie wapi.

Maji yalikuwa yamekupwa zaidi ya tulivyoyaacha jana. Tulipima mti kwa mti, na wa kumi na nne, ambao nilikuwa nimeuandikia sentimita 10, ulikuwa na 7.2. Hilo peke yake lilitosha kuniaibisha, lakini upande wa mashariki wa kiwanja tuliona jambo jingine. Palikuwa na visiki vitatu, vimekatwa kwa panga karibu kabisa na matope, bado rangi ya ndani ni nyekundu mbichi kama udongo wa Machakos. Jana vilikuwa chini ya maji. Vipimo vyake vilikuwa sentimita kumi na mbili na kumi na tatu, na tulipompelekea mzee habari hiyo alijibu neno moja tu: "Boriti." Hakuhitaji kusema zaidi. Mtu amekata nyumba hapa, si kuni.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Kama namba zangu za jana zingepita, kiwanja cha saba kingesomeka katika ripoti kuwa ni mikoko yenye afya isiyoguswa, na mtu fulani ofisini angeweza kutumia ukurasa huo kuamua kwamba hapo hapana haja ya doria wala ya kupanda. Kule Gazi, katika kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko yao tangu mwaka 2013, na fedha hizo hutumika kwa maji na shule. Biashara hiyo yote imesimama juu ya unene wa miti uliopimwa na watu kama sisi, waliozama hadi gotini huku maji yakija. Mwanafunzi wa chuo cha Kikristo ana hatari yake ya pekee, kwamba anaweza kuisema aya ya kutunza kwa moyo mzuri na sauti nzuri, asijue kwamba amekwisha kuivunja kwa kalamu.

Wenzetu walirudi wamefurahi, wameona ndege weusi kwa weupe wenye mdomo mnene ambao huja Mida kula kaa katika miezi ya kaskazi. Nilifurahi kwa ajili yao.

Ijumaa, siku ya tano

Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio msitu mkubwa zaidi wa mwambao uliobaki mzima katika Afrika Mashariki. Tuliingia saa kumi na mbili asubuhi na msimulizi wetu, kijana wa Kigiriama aliyekulia kando yake, alitutaka kwanza tuangalie miguuni kuliko juu. Msitu huu ni misitu mitatu, na udongo ndio unaoigawa: kwenye mchanga mweupe duni mirihi husimama kwa nafasi kama bustani iliyopangwa, penye udongo mzuri zaidi kuna msitu mchanganyiko wenye mbambakofi, na kwenye udongo mwekundu miti hufungana kuwa kichaka kikavu ambacho mtu hapenyi bila kuinama.

Katika kichaka hicho chekundu ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika hata urefu wa kiganja na vidole vilivyonyooshwa, anayejulikana kwa hakika katika sehemu chache tu duniani, zikiwamo hapa na milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania. Msimulizi aliingia peke yake, akakaa karibu nusu saa, akarudi na kutuchukua wawili wawili kimyakimya. Walikuwa jozi moja, wamebanana juu ya kijiti, mmoja wa kijivu na mwingine wa rangi ya kutu, macho nusu yamefumbwa. Njiani sange mwenye kiuno cha dhahabu alikatiza mbele yetu akipiga majani makavu kwa mkia, akatokomea. Mnyama huyu haonekani ila katika kipande hiki cha pwani ya Kenya.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho nilichokuja nacho kitandani. Kando ya njia palikuwa na kisiki cha mhuhu, kimekatwa kwa msumeno, na unga wa mbao bado uko chini. Nilipoinama kupima, harufu yake ilinijia kabla sijafungua utepe, nami nikajikuta niko Wamunyo, katika karakana ya baba yangu. Baba ni mchongaji wa vinyago. Harufu ya mhuhu ndiyo harufu ya utoto wangu, ya nguo zake na ya noti alizonihesabia nilipojiunga na chuo. Hakuna mti unaopendwa na wachongaji wa Ukambani kama huu, kwa kuwa ni mzito, una chembe laini, na kisu hupita juu yake bila kung'oa. Pia hukua polepole mno, na msitu huu umekatwa mhuhu kwa miaka mingi, mwingi wake bila kibali.

Mwenzangu aliniuliza kwa nini siandiki. Niliandika: mhuhu, kisiki, sentimita 31.4, msumeno.

Usiku nilimpigia baba simu nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba magogo humfikia kutoka kwa mchuuzi, na mchuuzi hasemi yametoka wapi, na yeye hakuwahi kuuliza. Nilimuuliza habari za mwarobaini, ambao wachongaji wengi wa Mombasa wamehamia kwake pamoja na mwembe na mjakaranda. "Mwarobaini ni mti mzuri, mwanangu," alisema, "lakini hupasuka. Unauza twiga leo, kesho mteja anaurudisha una ufa shingoni." Tukaagana kwa heri. Sikumlaumu na sina haki ya kumlaumu, kwa maana karo yangu imetoka katika mbao hizo.

Jumamosi, siku ya sita

Gede wengi wanaijua kwa magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, na asubuhi tuliyapitia haraka. Muda mrefu tuliutumia Kipepeo, mradi ulioanzishwa hapo mwaka 1993. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 wengi wa waliokuwa wakiishi kando ya Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na walikuwa na sababu: ndovu na nyani wanatoka msituni na kula mahindi, na msitu haurudishi kitu. Kipepeo ilileta njia ndogo ya msitu kurudisha kitu. Mkulima hufuga viwavi katika vizimba vya wavu, huwalisha majani ya mimea ya msituni, na wakishajifunga na kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kipepeo, huziuza pupa hizo kwa mradi, unaozipeleka ng'ambo kwenye bustani za maonyesho. Mama mmoja alinifungulia kiganja chake kunionyesha pupa iliyofanana kabisa na jani bichi lililokunjika, hata mishipa ya jani ilikuwamo, na akaniambia nisiipumulie. Ni lazima isafiri ndani ya siku chache, la sivyo kipepeo atatoka akiwa kwenye kasha.

Alasiri tulielezwa habari za ASSETS, mpango wa A Rocha Kenya ambao tangu mwaka 2001 umekuwa ukiwalipia sehemu ya karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na Mida, kwa fedha za wafadhili na za wageni, pamoja na wale wanaolipa kupita katika daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko. Nilikaa nikilinganisha karo mbili, yao inayolipwa na mti uliosimama na yangu iliyolipwa na mti uliolala.

Jumapili, siku ya saba

Tuliabudu katika kanisa dogo la kijiji. Wazee waliomba mvua, kwa kuwa Februari hii ni kavu na mashamba yanangoja masika. Hatukufanya kazi nyingine.

Jumatatu, siku ya nane

Tulirudi kwa barabara ya Kaloleni ili tupite Rabai. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni hapa. Jengo la kanisa la mwanzo sasa ni makumbusho. Karibu yake, juu ya kilima, kuna kaya za Warabai, ambazo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008.

Mzee wa kaya alitupokea mpakani mwa msitu na kutuambia kwamba ndani hatutachuma jani, hatutaokota hata kijiti kikavu. Ndani kulikuwa na ubaridi. Nje ya mpaka, hatua chache tu, vilima vilikuwa mahindi yaliyokauka na minazi. Wenzangu wawili walikataa kuingia kwa sababu za imani, na walimu hawakuwalazimisha. Mimi niliingia. Siafiki kila ibada iliyofanyika mahali pale, lakini siwezi kuandika katika daftari langu jambo lisilokuwapo, na kilichokuwapo ni kwamba wazee hawa wameushika msitu huu vizazi na vizazi bila bunduki ya askari, huku makanisa mengi ya pwani yakiufundisha umma kwamba kaya ni uchawi mtupu. Mwalimu wa theolojia alimshukuru mzee kwa niaba yetu na kumuuliza kama vijana wao wanakubali kurithi kazi hiyo. Mzee alisema wachache. Walisimama wakizungumza juu ya hilo kwa muda mrefu, wazee wawili wenye dini mbili, hata dereva akaja kutuita.

Ndani ya treni niliandika mada yangu ya utafiti wa mwaka wa nne, nikaifuta, nikaiandika upya. Nataka kupima jinsi magogo ya mwarobaini yanavyopasuka yakikaushwa kivulini, juani na yakiwa yamepakwa nta kwenye ncha zake, katika karakana halisi ya mchongaji. Tulipopita Emali mtandao ulirudi nikampigia baba. Nilimwomba aanze na magogo matatu tu, na kwa kila gogo aandike tarehe ya kukatwa, unene, na siku atakayoona ufa wa kwanza, asikadirie.

"Nitaandika," alisema. "Lakini ukija likizo uje na huo utepe wako. Huu wangu wa fundi cherehani umefutika namba."

Nilimwambia nitakuja nao.